Deni la Mwimbaji wa Pili

Wahenga walisema, "Mcheza kwao hutunzwa." Msemo huu tumeurithi kutoka viwanja vya ngoma, ambako mtazamaji aliyefurahishwa huinuka, huingia uwanjani na kumtunza mchezaji mbele ya watu wote. Mwenye kutunza humwona anayemtunza. Lakini santuri na redio zimeitenga sauti na mwenye sauti, hata wimbo ukaweza kuizunguka dunia huku aliyeuimba kwanza yuko nyumbani, hana habari. Hapo ndipo linapozuka swali letu: wimbo ukipata sifa kinywani mwa mtu wa pili, yule wa kwanza anatudai nini?

Na tuutazame mfano wa Afrika Kusini. Mwaka 1939, mjini Johannesburg, Solomon Linda na wenzake wa kundi la Evening Birds walirekodi wimbo wa Kizulu uitwao "Mbube", yaani simba. Linda mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa kawaida wa kampuni ya santuri iliyowarekodi, na haki za wimbo aliziachia kwa malipo madogo sana. Santuri hiyo ikafika Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kundi la The Weavers liliuimba wimbo huo, na neno la kiitikio lenye maana ya "wewe ni simba" wakalisikia vibaya, likageuka "Wimoweh". Mwaka 1961 kundi la The Tokens likautoa kwa maneno mapya ya Kiingereza, nao ukavuma ulimwenguni. Mwaka uliofuata Linda alifariki dunia akiwa maskini. Mwaka 1994 wimbo ukasikika tena katika filamu ya The Lion King.

Binti zake hawakunyamaza. Walitegemea sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia katika makoloni yake, ambayo ilirudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Mwaka 2006 yalifikiwa mapatano, familia ikapewa fungu lake na Linda akatambuliwa kuwa mmoja wa watunzi. Haki ilitendeka, lakini aliyestahili kutunzwa alikuwa kaburini kwa miaka 43. Fedha zaweza kulipwa kwa kuchelewa, wakazipokea warithi. Heshima mbele ya wenzake, mtu huipokea akiwa hai, au haipokei kabisa.

Wako watakaotupinga. Watasema kwamba wimbo si shamba lenye mipaka. Kwamba nyimbo zetu za jadi ni mali ya jamii nzima, na kwamba pasipo mwimbaji wa pili huenda wimbo ungalikufa kijijini. Hoja hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Kuimba wimbo wa mwenzio si wizi. Pengine ni sifa kubwa kuliko zote. Lakini mali kuwa ya wote si sababu ya kumsahau aliyeitoa. Watunzi wengi wa tenzi, wakifika tamati, walitaja majina yao ndani ya beti zenyewe, ili atakayezikariri alichukue na jina. Hawakumkataza mtu kukariri. Walichokataa ni kufutwa.

Hata hivyo tujihadhari tusidhani kuwa santuri ya kwanza humaliza maneno. Wimbo "Malaika" ulirekodiwa na Fadhili William wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba aliupeleka mbali, na mwaka 1965 ukatoka katika santuri aliyoimba pamoja na Harry Belafonte. Mwaka 1981 kundi la Boney M. la Ujerumani likauimba pia. Wageni wengi waliujua kuwa ni wimbo wa Makeba. Sisi tukajivuna kuwasahihisha kwamba ni wa Fadhili. Lakini Adam Salim wa Tanzania naye alidai kuwa aliutunga mwaka 1945, na Grant Charo wa Kenya ametajwa pia. Basi sisi tuliokuwa tukiwasahihisha wengine, huenda nasi tulikuwa tukimsahau mtu. Aliyetangulia kufika studio si lazima awe aliyetangulia kutunga.

Kwa hiyo deni la mwimbaji wa pili si kunyamaza, bali ni kutaja. Na anayelipa deni hili si mwimbaji peke yake. Mwalimu wa kwaya na mwanafunzi wake hawana uwezo wa kuwalipa fedha warithi wa mtunzi, lakini wanao uwezo wa kutamka, kabla ya sauti ya kwanza kupaa, kwamba wimbo huu ulitungwa na fulani, mahali fulani. Penye ubishi waseme kuna ubishi, na wawataje wanaodai. Pasipo jina wawaulize wazee, nao waandike wanachojibiwa, kwa maana vijijini mwetu wako watunzi ambao hawajarekodiwa hata mara moja, na ambao bado tunaweza kuwatunza wakiwa hai.