Je, Aliyeshindwa Mtihani Aurudie?



Mkulima aliyepanda mahindi akavuna mabua matupu husimama mbele ya shamba lake na swali moja moyoni: nipande tena hapa, au niache? Mkulima asiye na akili hujibu upesi. Ama hushika jembe kwa hasira na kupanda mbegu ile ile katika udongo ule ule, ama hulitupa jembe na kusema kwamba kilimo si kazi yake. Lakini mkulima mwenye busara huinama kwanza, huchota udongo mkononi, huutazama. Hujiuliza: Je, mbegu ilikuwa mbovu? Je, mvua ilichelewa? Au mimi mwenyewe nilichelewa kupalilia? Akiisha kujua hayo, ndipo huamua.

Swali letu la leo ni la namna hiyo, ijapokuwa shamba lake ni la vitabu. Ninyi mnaujua Mtihani wa Serikali, ambao katika nchi yetu ya Kongo wanafunzi huufanya tangu mwaka 1967 wamalizapo shule ya sekondari. Aliyefaulu huweza kwenda chuo kikuu. Lakini baada ya chuo kikuu kuna ngazi nyingine tena, yaani masomo ya juu ya wale wanaotaka kuwa mabingwa na waalimu wa waalimu. Katika nchi nyingi ngazi hiyo nayo ina mlango wake, na mlango huo una mtihani. Tuseme basi kijana mmoja amemaliza chuo kikuu, ameufanya mtihani huo, ameshindwa. Je, aurudie mwaka ujao, au ashike kazi nyingine?

Msidhani ya kuwa swali hili ni la watu wachache. Tutazame nchi ya Uchina, maana huko mtihani huo hufanywa kwa wakati mmoja katika nchi nzima, mwishoni mwa mwezi wa Desemba. Kwa kawaida alama zake zote ni 500: siasa 100, lugha ya kigeni 100, na masomo mawili ya ujuzi wenyewe, kila moja 150. Mwaka 2023 walioandikishwa kuufanya walikuwa kama 4,740,000. Waliopokelewa katika masomo ya juu mwaka ule walikuwa kama 1,300,000 tu. Basi watu zaidi ya milioni tatu waliachwa nje ya mlango. Hesabu ilishuka baadaye, hata kwa mwaka 2025 ikawa kama 3,880,000; walakini wanaoachwa nje wangali wengi kuliko wanaoingia. Wale wanaorudia, Wachina husema kwamba wanapigana vita vya pili. Na wanaorudia tena, vita vya tatu. Kwa neno hilo peke yake mnaweza kufahamu uzito wa jambo lenyewe.

Kijana aliyeshindwa husikia sauti mbili. Sauti ya kwanza humwambia: «Rudi! Mwanamume hakati tamaa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.» Sauti ya pili humwambia: «Acha! Mungu hakupenda upite mlango huo.» Sauti hizi mbili zinapingana, lakini zina kosa moja: zote mbili zinajibu kabla ya kuuliza. Ni kweli, koleo likivunjika uhunzi haujaisha. Lakini mhunzi anayeingiza mkono mtupu motoni kwa kuwa hana koleo, huyo si mvumilivu, ni mjinga. Na anayesema kwamba Mungu hakupenda, amejuaje? Tusimsingizie Mungu uvivu wetu wa kufikiri.

Tuwatazame sasa vijana wawili wa Ufaransa, walioishi katika karne moja, na wote wawili walirudia mtihani.

Wa kwanza ni Louis Pasteur, aliyezaliwa mwaka 1822. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza ngozi, si tajiri. Louis hakuwa mtoto wa kushangaza watu shuleni. Mwaka 1838 alipelekwa Paris kusoma, akashikwa na hamu ya kwao, akarudi nyumbani baada ya muda mfupi. Mwaka 1841 alishindwa mtihani wa cheti cha sayansi. Alipoufaulu mwaka 1842, wasimamizi waliandika kwamba katika kemia ujuzi wake ni hafifu. Mwaka ule ule alijaribu mtihani wa kuingia shule kuu ya waalimu huko Paris, iitwayo École normale supérieure. Majaribio ya kwanza aliyafaulu, lakini jina lake lilikuwa chini katika orodha. Wengine wangalifurahi na kuendelea. Yeye alijipima, akaona kwamba bado hajawa tayari, akakubali kungoja mwaka mmoja na kurudia.

Angalieni jinsi alivyoutumia mwaka ule. Alikaa Paris katika nyumba ya wanafunzi, na ili apunguziwe malipo aliwafundisha wadogo hesabu asubuhi na mapema. Alihudhuria masomo katika shule ya Saint-Louis. Zaidi ya hayo alikwenda kumsikiliza bwana Dumas, mwalimu mashuhuri wa kemia, yaani elimu ile ile ambayo aliandikiwa kwamba ni hafifu kwake. Mwaka 1843 aliufanya mtihani tena, na safari hii jina lake lilikuwa juu. Huyu ndiye Pasteur ambaye mwezi wa Julai mwaka 1885 alimponya mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, kwa dawa ya kuchanja aliyoigundua. Hata leo, mtu akiumwa na mbwa wa namna hiyo katika kijiji chetu, dawa anayochomwa hospitalini ni tunda la kazi ile.

Wa pili ni Évariste Galois, aliyezaliwa mwaka 1811. Huyu alikuwa na akili ya hesabu kupita waalimu wake. Mwaka 1828 alijaribu kuingia shule kuu iitwayo École polytechnique, akashindwa. Mwaka 1829 akarudia, muda mfupi baada ya kifo cha baba yake, akashindwa tena. Mara ya tatu hakujaribu. Aliingia shule ile ya waalimu ambayo Pasteur aliingia baadaye, lakini hakudumu, alifukuzwa kwa ajili ya ugomvi wa siasa. Mwaka 1832 alipigwa risasi katika pambano la watu wawili, akafa, naye alikuwa na miaka 20 tu. Hata hivyo, maandishi aliyoyaacha yalichapishwa mwaka 1846, na mabingwa wa hesabu wa ulimwengu mzima wanayasoma hata leo. Katika maisha yake yapo mambo ya kuhuzunisha ambayo hatumwigi. Lakini jambo moja ni wazi: mtihani ulimkataa mara mbili, wala ujuzi wake haukupungua kwa kukataliwa.

Basi tujifunze nini? Pasteur alirudia akafaulu. Galois alirudia akashindwa. Anayetaka kusema «rudieni daima» atamtaja Pasteur. Anayetaka kusema «msirudie» atamtaja Galois. Lakini wote wawili wanatufundisha neno moja: mtihani ni mlango, si nyumba. Nyumba ni kazi yenyewe, na ujuzi wenyewe. Pasteur aliutafuta mlango kwa sababu ya nyumba. Galois alifungiwa mlango, lakini akaendelea na kazi ya nyumba akiwa nje.

Kwa hiyo kijana ajiulize maswali manne, ayajibu mbele ya dhamiri yake, wala asijidanganye.

La kwanza: Ninautaka mtihani huu kwa ajili ya nini? Kama jibu ni kazi fulani anayoipenda na kuiweza, isiyofikiwa kwa njia nyingine, jibu hilo ni jema. Kama jibu ni «nifute aibu», au «fulani asinipite», basi ajihadhari. Aibu haifutwi na alama. Hata akifaulu, atatafuta mtihani mwingine wa kujionyesha.

La pili: Mara ya kwanza nilipungukiwa na nini, na safari hii nitabadili nini? Kurudia kwa namna ile ile si uvumilivu. Pasteur aliandikiwa kwamba kemia yake ni hafifu, akaenda kukaa mbele ya mwalimu wa kemia. Asiyeweza kutaja kwa jina jambo atakalolibadili, bado hajawa na sababu ya kurudia.

La tatu: Nani atabeba gharama ya mwaka huu? Hapa swali linakuwa zito, maana mwaka wa kijana si mali yake peke yake. Baba ameuza mbuzi. Mama amebeba mihogo mpaka sokoni. Mdogo wake amengoja zamu yake ya kwenda shule. Akiamua kurudia bila kuwauliza, anatumia mali isiyo yake. Si kwamba asiwaombe tena. Lakini aombe kwa ukweli, na aonyeshe anachotoa yeye mwenyewe, kama Pasteur aliyefundisha wadogo asubuhi ili baba yake asielemewe.

La nne: Mpaka wangu ni wapi? Mpaka huwekwa kabla ya safari. Mvuvi mwenye akili huamua akiwa bado ufukoni kwamba upepo ukifikia nguvu fulani atarudi, kwa sababu akiwa katikati ya ziwa tamaa ya samaki itamshauri vibaya.

Lakini mwenye kusoma atasema: «Kijana amejibu vema maswali yote manne, akarudia, akashindwa tena. Je, hakupoteza mwaka?» Neno hili ni la kweli, wala halifai kupitwa kimya. Katika mtihani wa nafasi chache, mtu aliyejitayarisha vema aweza kuachwa nje, kwa sababu wengine walijitayarisha vema zaidi au walikuwa na bahati. Hakuna awezaye kuahidi kufaulu. Kwa sababu hiyo tunashika kipimo hiki kuliko vyote: mwaka wa kurudia uwe mwaka utakaofaa hata mlango ukifungwa. Ukiutumia kwa kukariri tu, umejifungia chumbani, mikono haifanyi kazi, moyo umejaa hofu, basi ukishindwa hubaki na kitu. Ukiutumia kwa kufundisha, kwa kujifunza ujuzi wa kweli, kwa kuwasaidia wa nyumbani, basi ukishindwa umeshindwa mtihani tu, hukuushindwa mwaka.

Tumalizie kwa ulizo na jibu, ili mambo haya yakumbukwe.

Ulizo: Je, anayeacha kurudia ni mwoga?
Jibu: La, si lazima. Yupo anayeacha kwa woga, na yupo anayerudia kwa woga, kwa kuwa anaogopa kuanza kazi ya utu uzima. Aliyepima vema akaacha, ameonyesha ushujaa.

Ulizo: Wazazi wafanye nini?
Jibu: Wasimlazimishe kurudia kwa ajili ya sifa ya jamaa, wala wasimkataze kwa hasira. Wamsikilize, kisha wamwambie kwa ukweli wanachoweza kutoa na wasichoweza.

Ulizo: Na watu wa kijiji?
Jibu: Wasimcheke. Kicheko cha jirani kimewarudisha wengi mtihanini pasipo sababu, na kimewakimbiza wengine waliokuwa na sababu njema.

Kijana wa namna hiyo akija jioni kwa mjomba wake na kusema, «Mjomba, nimeshindwa, nirudi tena?», mjomba asiseme «Rudi», wala asiseme «Acha». Amkaribishe kwanza, ampe chakula, maana mwenye huzuni na njaa hana shauri jema. Kisha amwambie: «Mpwa wangu, nieleze mwaka ujao utaufanyia nini, mtihani ukiwapo na mtihani usipokuwapo.» Kijana akiweza kujibu neno hilo, atakuwa amepata shauri alilolitafuta. Asipoweza, na alale kwanza, wazungumze tena kesho.