Sura za Kuazima

Kila mchoraji wa katuni wa rika langu ninayemfahamu alijifunza kazi kwa kunakili. Tulianzia kurasa za nyuma za madaftari ya hesabu, tukimchora Goku, Naruto na Spider-Man kutoka kwenye stika za bazoka na mifuniko ya madaftari yenyewe. Hakuna aliyetuita wezi, kwa sababu mtoto anayeiga anajifunza. Swali linaanza siku mtoto huyo, sasa mtu mzima mwenye kodi ya chumba, anapoichapa picha ya Naruto kwenye karatasi nzuri, anaiweka mezani na kuiandikia bei. Je, bado anajifunza? Anamsifu aliyemtunga? Au anauza kisicho chake?

Kwa muda mrefu niliona swali hili ni la wanasheria. Nilibadili mawazo nilipopanda basi Dar es Salaam nikiwa na nakala 60 za kijitabu changu cha kwanza, nikavuka Namanga na kwenda kukaa siku tatu nyuma ya meza kwenye tamasha la katuni jijini Nairobi. Ninasomea shahada ya uzamili katika fasihi, na darasani tunaweza kubishana kuhusu umiliki wa kazi ya sanaa mpaka chai ipoe. Nyuma ya meza mabishano yana bei. Mteja ana shilingi 500 za Kenya mkononi. Akizitoa kwa jirani yako, kwako hazifiki.

Kulia kwangu alikaa binti wa umri wangu. Meza yake ilijaa wahusika wa Kijapani na mashujaa wa Kimarekani, wote kawachora mwenyewe kwa mistari minene na rangi za leso za pwani. Watu walimjalia tangu asubuhi. Kushoto kwangu alikuwepo mzee mmoja aliyechora magazetini miaka mingi. Yeye aliuza katuni zake tu, wahusika aliowazaa mwenyewe, na wateja wake walihesabika kwa vidole. Mimi nilikuwa katikati, nikiuza visa vya Chausiku, konda msichana wa daladala ya Mbagala ambaye hakuna mtu Nairobi aliyewahi kumsikia.

"Naruto ndiye analipa hii meza," binti aliniambia tulipopata nafasi ya kuongea. Kisha akainama, akatoa chini ya kitambaa cha meza kijitabu chembamba, hadithi yake mwenyewe kuhusu msichana anayeongea na treni. "Na Naruto ndiye alilipia kuchapisha hii. Watu wanakujia Naruto. Wakishafika, nawaonyesha huyu wangu."

Mzee alisikia. Hakuwa na hasira, ila alikuwa na hoja yake. "Kijana, mimi sina ugomvi na huyu mtoto wetu. Wasiwasi wangu ni wanunuzi. Wakizoea kununua sura wanayoijua tayari, sura mpya wataijulia wapi?"

Mchana wa siku ya pili alipita jamaa mwenye begi la mgongoni, akaanza kupiga picha stika za binti kwa simu, moja baada ya nyingine, kwa utulivu wa mtu anayehesabu mali ghalani. Binti akafunika meza kwa viganja vyake. "Boss, uliza kwanza." Jamaa akacheka: "Kwani Naruto ni wako?" Binti akamjibu bila kusita: "Naruto si wangu. Hii mistari ni yangu."

Ni rahisi kusema binti alijipinga mwenyewe: anachota kwa mwingine halafu anakataa kuchotewa. Lakini jibu lake lina ukoo mrefu katika falsafa. Mwaka 1689 John Locke alichapisha hoja kwamba kitu kinakuwa chako pale unapokichanganya na jasho lako, ilimradi uwaachie wengine cha kutosha na kizuri vilevile. Binti alikuwa ameweka jasho. Rangi zile za leso hazimo kwa Masashi Kishimoto, aliyeanza kumchapisha Naruto mwaka 1999. Na sharti la pili je? Shamba likilimwa na mtu mwingine, wewe hulilimi. Mhusika akichorwa na mwingine, bado unaye. Kishimoto hakuamka siku ile akiwa na Naruto pungufu kwa sababu ya meza moja Westlands.

Hata hivyo, kuna vitu vinavyoweza kupungua bila mhusika kuibwa: jina la aliyemtunga, soko lake, na uwezo wake wa kuamua mhusika huyo ana maana gani. Jamaa wa simu angezipeleka picha zile kwenye duka la kuchapa, binti angepoteza vyote vitatu kwa wiki moja. Hakuna ambaye angejua mistari ile ilitoka mkono gani. Kishimoto hapotezi hata kimoja, maana kila aliyesimama mbele ya meza ile alijua Naruto ametoka wapi. Tendo ni lilelile, kunakili, lakini linamkuta mtu mmoja akiwa na jina lililojengwa kwa zege, na mwingine akiwa na jina lililoandikwa mchangani.

Hoja hii ina tundu, nalo ni hili: isije ikawa ninasema kumwibia mkubwa si kuiba. Sheria haina simile hapo. Kenya na Tanzania zote zina sheria za hakimiliki, na mwenye haki akibisha hodi, binti hana pa kujificha. Mwenyewe analijua hilo. Ninachouliza ni cha chini zaidi ya sheria: deni lenyewe ni la nani?

Fikiria Superman. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Cleveland, waliuza haki zote za mhusika huyo mwaka 1938 kwa dola 130. Kampuni ikatajirika. Watunzi wakazeeka kwa dhiki, na majina yao yakaondolewa kwenye kazi waliyoianza wao. Ni mwaka 1975 tu, baada ya wachoraji wenzao kupiga kelele hadharani, ndipo kampuni ilipokubali kuwalipa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kuyarudisha majina. Kwa miaka yote ya katikati, mtu aliyenunua kijitabu halali cha Superman alikuwa amelipa kila senti aliyodaiwa kisheria, na mhusika hakuwa tena mali ya watunzi. Mwenye mali na mtunzi ni watu wawili. Anayesema "mimi namheshimu mtunzi, nanunua halali" inabidi aulize fedha yake inaishia mfuko upi. Na waliolipigania deni lile walikuwa wachoraji, watu wa meza za jirani.

Kwetu jambo hili lina historia nyingine. Bibi yangu alipotusimulia ngano za Sungura na Fisi hakuomba ruhusa kwa mtu, wala hakudai alizitunga. Kila msimulizi alitia chumvi yake, na aliyeshindwa kutia chumvi alionekana hajui kusimulia. Jarida la Sani, ambalo mjomba wangu alitunza nakala zake kwenye sanduku la bati, liliwalea akina Ndumilakuwili, Lodilofa na Madenge kupitia mikono ya wachoraji zaidi ya mmoja. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa juu ya mbao ngumu, akauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Kazi yake haikutimiza hata miaka mitano. Mtindo wake unaishi hadi leo kwa sababu ndugu na wanafunzi wake waliunakili. Kila mmoja wao huweka sahihi yake chini ya picha, na wote huuita mtindo ule kwa jina la marehemu. Katika sahihi hizo mbili, moja juu ya mbao na moja kwenye jina la mtindo, naona maadili kamili ya kuazima: sema ulichota wapi, kisha weka jina lako kwenye ulichoongeza.

Lakini Tingatinga pia inampa mzee wa kushoto kwangu hoja yake. Ukipita pale Oysterbay utaona chui na tembo wengi wanaofanana, kwa sababu mtalii hununua anachokitambua. Mchoraji mwenye wazo geni atalila wazo lake. Kwa hiyo kuazima kunaweza kuwa halali kwa aliyeazimwa na bado kukawanyima hewa walio hai, wanaojaribu kusema jambo jipya. Wajapani wameishi na mvutano huu kwa muda mrefu. Soko la Comiket lilianza Tokyo mwaka 1975 na vikundi 32 na watu kama 700. Sasa hupokea mamia ya maelfu, na sehemu kubwa ya vijitabu vinavyouzwa pale hutumia wahusika wa watu wengine. Kwa kawaida wachapishaji wakubwa hufumba macho. CLAMP, kikundi cha wanawake ambao vitabu vyao leo viko duniani kote, kilianzia kwenye vijitabu vya namna hiyo. Meza za kuazima zilikuwa chuo chao. Ila chuo ni mahali mtu anapotegemewa kuhitimu.

Nilikuwa nimefika hapo katika kuwaza, na nikijiona nimewaza vizuri, alipokuja mvulana wa sekondari siku ya mwisho. Alikuwa amenunua kijitabu changu siku ya kwanza. Akafungua daftari lake, na humo alikuwemo Chausiku wangu. Alikuwa amemhamishia Nairobi, akawa makanga wa matatu, ananing'inia mlangoni, mkono mmoja umeshika noti zilizokunjwa kwa urefu kati ya vidole. Miguuni alimvalisha soksi zisizolingana, moja ya shule na moja ya mpira.

"Nataka kutengeneza stika niuze shuleni," akasema. "Ni sawa?"

Kitu kilinikaba kooni, na hakikuwa furaha. Chausiku alinichukua miaka miwili. Nilimtoa kwenye uchovu wa foleni za Mbagala, kwa dada mmoja aliyewahi kunirudishia chenji yangu yote huku akitukanwa na basi zima. Sasa mtoto ambaye hajawahi kupanda daladala alikuwa anataka kumuuza. Hoja zote nilizomjengea binti wa kulia zilisimama mbele yangu zikinidai. Kishimoto ni mkubwa, jina lake halifutiki. Mimi nilikuwa nimeuza nakala 23.

Nilimwambia auze. Nikamwomba kila stika iwe na majina mawili, langu na lake, na kama siku moja atataka kuchapisha mamia dukani, aniulize kwanza. Akakubali upesi, kama mtu aliyetegemea masharti mazito zaidi. Mzee wa kushoto akacheka mpaka akavua miwani. "Haya, kijana, umeshakuwa kampuni."

Kwa nini nilikubali? Sababu moja ni kwamba aliuliza. Aliuliza kwa sababu nilikuwepo, uso kwa uso, na hilo ndilo tamasha linaloweza kufanya ambalo sheria haiwezi. Sheria imeandikwa kwa ajili ya watu ambao hawatakutana. Pale mezani, haya hufanya kazi kabla ya wakili. Tangu siku ile kipimo changu kimekuwa hiki: je, ningeiacha picha hii mezani kama aliyemtunga mhusika angekuwa anapita? Naamini binti wa kulia angeiacha ya Naruto, na pengine angemwonyesha Kishimoto rangi zile za leso kwa fahari. Jamaa wa simu asingeweza kumuuzia binti stika za binti.

Sababu ya pili ni zile soksi. Mimi nimemchora Chausiku kwa miaka miwili akiwa na kandambili, na sikuwahi kujiuliza anaamkaje, anavaaje gizani saa 10 alfajiri bila kumwamsha mdogo wake. Soksi zisizolingana zilinieleza chumba chake kizima. Mvulana alikuwa amemfahamu mtu wangu kwa namna ambayo mimi sikuwa nimemfahamu.

Ndipo deni lilipogeuka. Ninaandaa kijitabu cha pili, na ukurasa wa nne unamwonyesha Chausiku akivaa gizani. Ninazitaka soksi zile. Mvulana alisaini daftari lake kwa herufi mbili tu, na namba yake ya simu sina. Naweza kuandika mwishoni kwamba soksi ni za mwanafunzi mmoja wa Nairobi, na wasomaji wengi wangeona nimetenda haki. Lakini mimi nilimdai jina langu kamili kwenye stika. Kumlipa kwa "mwanafunzi mmoja" ni kumfanyia walichofanyiwa Siegel na Shuster, kwa kiwango cha soksi.

Tamasha lijalo nitabeba ukurasa huo ukiwa bado ni wa penseli. Akija, nitamuuliza kama nilivyoulizwa. Asipokuja, Chausiku atatoka nyumbani na kandambili zake.