Je, Kunyamaza Dukani Nako ni Kughushi?



Ndugu zangu, Jumamosi na Jumapili husaidia katika duka la spea hapa Ggaba, si mbali na soko la samaki. Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja anayeendesha Toyota Premio ya kukodi. Alitaka ile ea klina nyekundu yenye umbo la koni. "Sheikhe," akaniambia, "petroli inanimaliza. Nasikia hii inapunguza." Nilijua haipunguzi. Nikanyamaza. Akalipa shilingi 150,000, nami nikapata 20,000 zangu.

Nilijuaje? Injini hupenda hewa baridi, kwa kuwa ina oksijeni nyingi zaidi. Koni ile, ikifungwa wazi chini ya boneti, huvuta hewa iliyokwisha kupashwa moto na injini yenyewe. Tena kompyuta ya gari hupima hewa inayoingia na kutoa petroli kwa kipimo hicho. Kinachoongezeka hasa ni mngurumo. Gari la mashindano lenye turbo, lililorekebishwa kompyuta yake, hilo ni jambo jingine. Na ea klina ya kuoshwa ina faida kwa mwenye subira ya kuiosha. Lakini mzee yule ilimtosha ya karatasi, akiibadilisha kwa wakati kwa sababu ya vumbi letu.

Nilijitetea moyoni: sikusema uongo, na bidhaa haikuwa mbovu. Ndipo nikakumbuka hadithi iliyo katika Sahihi Muslim. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni, vidole vikakuta unyevu ndani. Muuzaji yule naye hakuwa amesema neno. Alikemewa kwa kuficha.

Mtu anaweza kusema: kasoro ya nafaka ilikuwa ndani ya nafaka, ila koni ni nzima, na kosa liko katika matumaini ya mnunuzi. Hoja hii ina uzito. Anayetaka mngurumo na kuununua kwa mali yake, hesabu ya israfu ni yake na Mola wake. Mimi sijamficha kitu. Lakini mzee alinitajia haja yake. Tangu hapo haja ile ikawa sehemu ya mauziano yetu, na kimya changu kikawa jibu la "ndiyo".

Alirudi baada ya wiki mbili, wala hakuja kulalamika. Alinishukuru. "Petroli bado inakwisha," akasema, "labda siku hizi wanaichanganya na maji." Alikuwa anawatuhumu watu wa kituo cha petroli kwa kosa langu.

Nilimweleza ukweli, nikamrudishia 20,000. Zile 130,000 nyingine ziko kwa mwenye duka, na nimeahidi kuzilipa kidogo kidogo. Mzee alicheka, akasema angalau gari linanguruma. Mimi sikuweza kucheka.

Wabillahi tawfiq.