Joyce: Jina na Deni Lake

Jina ni kitu cha kwanza apewacho mtu bila ya kuulizwa. Huja kabla ya meno na kabla ya hatua, na hubaki baada ya kaburi kufukiwa. Ndiyo maana swali la maana ya jina si la wanaisimu peke yao. Ni swali la maadili pia. Nani mwenye maana hiyo: asili ya jina, aliyelitoa, au aliyelibeba?

Lichukuliwe jina Joyce. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kama kwingineko Tanzania Bara, ni jina la kike lililozoeleka, miongoni mwa yale yaliyoingia kwa mlango wa ubatizo na wa shule. Mzazi hulitoa akikusudia furaha, kwani sikio husikia ndani yake neno la Kiingereza lenye maana hiyo.

Lakini asili ya jina ni nyingine kabisa. Latokana na Judoc, mwana wa ukoo wa kifalme wa Brittany katika karne ya 7, aliyeukataa utawala akaenda kuishi maisha ya upweke na ibada kaskazini mwa Ufaransa. Shina lake la Kibretoni lina maana ya bwana, mwenye enzi. Wanormani walilivusha bahari hadi Uingereza, na huko kwanza liliitwa wanaume. Baadaye likafifia, kisha likarudi likiwa la wanawake, na mfanano wake na neno la furaha ukalipa maana mpya. Binti aliyeitwa Furaha, kumbe ameitwa Bwana!

Je, mzazi wa Mbulu amekosea? Akihukumiwa kwa asili, amekosea. Lakini basi na Waingereza wenyewe wamekosea kabla yake. Hukumu hiyo ni nzito mno. Maneno ni kama majahazi: hayaulizwi tu yaliundwa bandari gani, bali yamepakia nini leo.

Hata hivyo, haifai kukimbilia upande wa pili na kusema kuwa nia ya mtoaji yatosha. Wairaqw wa nyanda za Mbulu wana desturi ya kumwita mtoto kwa tukio la kuzaliwa kwake. Tluway, kwa mfano, ni mvua. Jina la namna hiyo ni shahidi: linajua hali ya mbingu siku ile. Wadatoga wa Hanang nao hutambulisha jinsia mwanzoni mwa jina, Gida kwa mwanamume na Uda kwa mwanamke, hata msikiaji asipotee. Joyce halijui mvua ya Mbulu, wala halikumjua mwanamke hapo mwanzo. Linapoliondoa jina la kienyeji, kuna ushahidi unaopotea, na nia njema haiwezi kuurudisha. Linapokaa kando yake, hakuna aliyedhulumiwa.

Msomaji wa pwani anao mfano wa karibu zaidi. Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, naye akiwa mgonjwa. Haukupita muda mrefu akafariki. Je, jina lake lilisema uongo? Mwenye kulipima kwa matokeo atasema ndiyo. Lakini jina lake halikuwa utabiri, nalo halidaiwi kama utabiri. Lilikuwa dua, na dua haiwi uongo kwa kutojibiwa kama ilivyoombwa.

Hapa ndipo penye kiini. Jina jema si maelezo ya aliyepewa. Ni ahadi ya aliyetoa. Anayemwita mwanawe Furaha hajasema kwamba mtoto ana furaha; amejifunga yeye mwenyewe kumwachia nafasi ya kuipata. Deni ni la mzazi, ni la ukoo, ni la nchi. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya mzazi, ilhali mvulana alitakiwa kufika miaka 18. Mahakama Kuu ya Tanzania iliona mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Binti aitwaye Joyce akiozwa kabla hajamaliza kukua, bila ya kuulizwa, uongo hauko katika kamusi ya majina. Uko katika nyumba iliyomwita Furaha kisha isiiulize furaha yake.

Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Katika msiba wa namna ile hakuna anayeuliza shina la jina. Jina huitwa ili mtu aitike, na asipoitika hulia wale waliomwita. Hapo Joyce si Bwana wa Brittany wala si furaha ya Kiingereza. Ni yule mmoja, asiye na mfanowe.

Waswahili husema jina jema hung'ara gizani. Ni kweli, lakini taa haijiwashi. Aliyeitoa ndiye atiaye mafuta.