Kitu Hiki Kilitoka Wapi?

Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya swali fupi ambalo kila mzazi alijua. Mtoto akirudi kutoka kucheza, na mkononi ana kisu kizuri ambacho si cha nyumbani, mama yake hakisifu kwanza kile kisu, bali humwuliza, "Umekipata wapi?" Mtoto akijibu, "Nimepewa," mama huuliza tena, "Na nani?" Akijibu, "Nimeokota," mama humwambia, "Kirudishe, maana mwenyewe atakitafuta." Ndivyo tulivyolelewa. Lakini mtu akiisha kuwa mkubwa, na fedha zikiwa mfukoni mwake, huliona swali hili kuwa ni la watoto. Akipita Kariakoo, na mtu akamwonyesha kando ya njia saa au simu kwa bei isiyofika hata nusu ya bei ya dukani, haulizi neno. Hulipa upesi, huondoka upesi. Moyo wake umekwisha kujua jibu, na ndiyo sababu hakuuliza.

Basi siku hizi swali hili la mama limeingia katika nyumba kubwa sana za dunia, yaani nyumba za makumbusho, ambamo vitu vya kale vya mataifa vimewekwa ili watu wavitazame. Watunzaji wa nyumba hizo wameanza kutafuta nasaba ya kila kitu: nani alikitengeneza, nani alikuwa nacho, kilitoka mkononi mwake kwa njia gani, kikapita kwa nani na nani hata kufika hapo kilipo. Wengine hufanya hivyo kwa moyo, wengine kwa kusukumwa. Nasi twauliza: Je, mtu aliyenunua kwa fedha yake halali kitu kilichoibwa na mwingine, ana hatia? Tena, je, yampasa kutafuta asili yake hata kama hakuna anayemdai?

Neno hili si la mbali nasi. Kivukoni, katika mtaa wa Shaaban Robert, karibu na ile bustani ya miti, ipo Nyumba ya Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Mtu akitoka katika kanisa letu la Azania Front aweza kufika huko kwa miguu. Mwaka 1984 wezi waliivunja nyumba hiyo, wakachukua vitu, na kimoja katika hivyo kilikuwa kinyago cha Wamakonde, cha namna iitwayo lipiko. Lipiko si kama vinyago vichongwavyo ili kuuzwa kwa wageni. Huchongwa kwa mti mwepesi, nacho huwa wazi ndani ili mchezaji akivae kichwani kama kofia, na mara nyingi hubandikwa nywele za watu kwa nta. Huvaliwa katika ngoma ya kuwapokea vijana waliotoka jandoni, na mchezaji hufunikwa nguo mwili mzima, asijulikane ni nani. Ni kitu cha watu wote pamoja, wala si cha mtu mmoja wa kukiuza.

Mwaka uliofuata, 1985, kinyago kile kilikuwa Paris, na huko kikanunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, katika nchi ya Uswisi. Mwaka 1990 Enrico Castelli, profesa wa Kiitaliano, alikitambua kuwa ndicho kilichoibwa Dar es Salaam. Hapo yakawako mazungumzo, barua zikaenda na kurudi, na miaka 20 ikapita. Hatimaye, kwa msaada wa UNESCO na wa ICOM, yaani baraza la makumbusho la mataifa yote, mapatano yalitiwa sahihi Paris mwezi wa Mei 2010, na kinyago kikawa mali ya taifa letu tena.

Sasa na tuzipime zile zamani tatu za habari hii. Zamani ya kwanza ni siku ya kununua. Wanunuzi wa Geneva hawakuvunja mlango wa mtu, wala haifai tuwaite wezi. Walakini fedha haiwezi kununua kitu ambacho mwuzaji hana. Mwuzaji humpa mnunuzi haki ile ile aliyo nayo yeye, wala hawezi kumwongezea. Ikiwa mwizi hana haki, basi hata kama kitu kimepita mikono 10, na kila mkono umelipa fedha, haki haizaliwi njiani. Torati yasema neno hili waziwazi katika Mambo ya Walawi 5, kwamba mtu aweza kukosa bila kujua, na hata hivyo neno lile linamhusu, na yampasa kulitengeneza.

Tena kutojua kuko kwa namna mbili. Kuna kutojua kwa mtu ambaye habari haikumfikia, ingawa aliitafuta; huyu hana lawama. Na kuna kutojua kwa mtu anayeogopa kuuliza asije akajibiwa. Huyu wa pili ameufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, kisha asema, "Nyumbani mna giza." Kitu cha thamani kikitokea sokoni hakina barua wala historia, ukimya wake wenyewe ni habari. Kwa hiyo mapatano ya UNESCO ya mwaka 1970 yaliwekwa ili mataifa yasaidiane kuzuia biashara ya vitu hivyo, na tangu hapo mnunuzi mwenye busara hutaka kuona hati kabla ya kufungua mfuko.

Zamani ya pili ni ile ya shaka, wakati mtu mmoja amesema, "Nakijua kitu hiki." Hapa ndipo moyo wa mwanadamu hujaribiwa sana, maana mwenye kitu huanza kudai ushahidi zaidi, na zaidi tena, hata wazee wanakufa. Kumbukumbu la Torati 22 latufundisha desturi nyingine. Mtu akimwona ng'ombe wa ndugu yake amepotea, haifai ajifiche kana kwamba hakumwona; na kama hamjui mwenyewe, amtunze kwake mpaka mwenyewe atakapokuja kumtafuta. Angalieni, wapendwa: amri haisemi kwamba aliyepotewa ndiye pekee mwenye kazi. Aliyeshika kamba naye ana kazi.

Na kazi hiyo hufanywaje? Hufanywa kwa daftari, kwa stakabadhi za mauzo, kwa barua za zamani, kwa picha, kwa orodha za mizigo, hata kwa namba ndogo iliyoandikwa kwa wino chini ya kitu. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaweza kuongeza kwamba mali yenye daftari, hata ikipotea, habari yake yaweza kuirudisha. Katika kitabu cha Ezra, mlango wa kwanza, twasoma jinsi Koreshi alivyovitoa vile vyombo ambavyo Nebukadreza alivichukua Yerusalemu. Havikutupwa tu mlangoni. Mtunza hazina Mithredathi alivihesabu kimoja kimoja mbele ya Sheshbaza, sahani kwa sahani, bakuli kwa bakuli, na hesabu yake ikaandikwa, vyombo 5,400. Watu wale waliokuwa wamekaa uhamishoni miaka mingi walirudishiwa mali pamoja na hesabu yake, na hesabu ile ilikuwa heshima.

Lakini daftari peke yake haitoshi. Ahabu alilipata shamba la Nabothi kwa barua zenye muhuri wa mfalme, na mashahidi wawili, na hukumu ya wazee wa mji. Karatasi zote zilikuwa tayari, ila Nabothi alikuwa amekufa. Neno hili twalikumbuka tunapotazama vitu vya nchi yetu vilivyoko Berlin. Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani iliamuru kwamba vitu vilivyokusanywa katika makoloni na misafara iliyolipiwa na serikali vipelekwe kwanza makumbusho ya Berlin. Hivyo maelfu ya vitu vilitoka hapa kwetu kwa meli, vingine vimenunuliwa, vingine vimetolewa kwa hiari, na vingine vimetwaliwa vitani, hata katika vita ya Maji Maji ya 1905 hata 1907. Vingi vimeandikwa vizuri kitabuni, namba yake na jina la ofisa aliyevileta. Kitabu ni safi, lakini njia ya kupata yaweza kuwa na damu.

Wala si vitu tu. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa mwezi wa Machi 1900 pamoja na wakuu wengine, na watu wa ukoo wake wamekitafuta kichwa chake miaka na miaka. Mwezi wa Septemba 2023 watunzaji wa makumbusho za Berlin walitangaza habari ya kazi yao juu ya mafuvu zaidi ya 1,100 ya watu wa Afrika ya Mashariki, mengi yao ya Rwanda. Walisoma maandiko ya kale, kisha wakapima kwa DNA na kulinganisha na watu walio hai. Fuvu moja likapatana kabisa na ukoo wa mshauri mmoja wa Mangi Meli, na mengine mawili yakakaribia sana. Kichwa cha Mangi Meli mwenyewe hakikuonekana kati ya hayo. Hata hivyo, tazameni kazi ya swali moja, "Umetoka wapi?" Lile lililokuwa namba katika sanduku limekuwa babu wa watu, mwenye jamaa wa kumlilia na kumzika.

Labda ndugu mmoja atasema, "Haya yatuhusu nini sisi Wakristo? Vitu vile vingi ni vya tambiko na dawa. Heri vikae mbali." Twamjibu kwamba amri isemayo tusiibe haikuongeza kwamba tusimwibie Mkristo tu. Asiyeamini ana mali, na mali yake ni yake. Tena yatupasa kuuliza katika nyumba yetu wenyewe. Wamisionari waliotuletea Injili, ambao twamshukuru Mungu kwa ajili yao, baadhi yao walikusanya vitu vya watu na kuvipeleka makumbusho za Ulaya. Vingine vilitolewa na wazee wetu walipobatizwa, kwa furaha, kama mtu atuavye mzigo. Je, vyote vilitolewa hivyo? Hakuna hata kimoja kilichotolewa kwa kuogopa, kwa kuwa askari walikuwa karibu? Kanisa lisiloogopa kuungama dhambi kila Jumapili lisiogope kufungua kabati zake. Na nyumba yetu ya makumbusho hapa Kivukoni, iliyoanza chini ya serikali ya kikoloni, nayo iulizwe swali lile lile, maana haki yetu ya kuwauliza wengine hukua tunapokubali kuulizwa.

Yabaki neno moja, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Katika mapatano ya 2010 kinyago kilirudi kwa jina la zawadi. Je, mtu aweza kumpa mwenzake zawadi ya kitu kilicho chake mwenzake? Tumsikilize Zakayo. Aliposimama mbele ya Bwana alisema maneno mawili, wala hakuyachanganya: nusu ya mali yake atawapa maskini, na yule aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Kutoa ni neno moja, kurudisha ni neno jingine. Angalisema kwamba awapa zawadi wale aliowadhulumu, wokovu ungaliingiaje nyumbani mwake? Mwenye kuita malipo ya deni kuwa sadaka ajitafutia shukrani pale alipopaswa kuomba radhi.

Hata hivyo haki yatutaka tusimpime aliyenunua bila kujua kwa kipimo cha Zakayo. Zakayo alijua alivyopata. Mnunuzi aliyedanganywa, akarudisha kitu bila kudai fedha yake, amepata hasara kwa ajili ya kosa la mwingine. Basi sisi twaona hivi: kitu chenyewe hakikuwa zawadi, kilikuwa kimerudi kwao, bali ile hasara aliyekubali kuibeba, hiyo yaweza kuitwa zawadi, nasi twaweza kumshukuru bila kusema uongo. Ni vema kinyago kimefika, hata kama neno la karatasini si lile ambalo tungalichagua. Lakini tunapowapeleka watoto wetu kuona vitu vya kale, tuwaambie habari yote, kwamba kiliibwa, kikauzwa, kikatambuliwa, kikarudi. Amani isiyojua habari yake haidumu.

Mwisho twawaomba wazee wa sharika neno dogo. Makanisa yetu yana kengele, vikombe vya Meza ya Bwana, Biblia za zamani, viti na picha. Kila usharika uwe na daftari, na ndani yake iandikwe kila chombo, kilitoka kwa nani, mwaka gani, kwa njia gani. Na likionekana jambo lisilo na jibu zuri, lisifutwe; liandikwe vile vile, na mwenye haki atafutwe. Naye kila mmoja wetu, akisimama sokoni mbele ya bei iliyo rahisi mno, akumbuke sauti ya mama yake. Mungu wa kweli atujalie mikono isiyoficha na mioyo isiyoogopa kuulizwa.