Hakuna Aliyekosea, Mtoto Akavunjika Mguu

Kisa hiki ni cha kutunga, lakini mzazi yeyote wa Dar es Salaam atakitambua kipande kwa kipande.

Coaster ya njano ya shule moja ilikuwa na tripu mbili kila alasiri. Ikishawashusha watoto wa karibu, inarudi shuleni kuwafuata wa mbali. Dereva akikwama kwenye foleni, wa tripu ya pili wanafika kwao giza limeingia na simu za wazazi zinaanza kumiminika kwa mwalimu mkuu. Ndiyo maana dereva yule aliitazama saa zaidi kuliko alivyowatazama watoto. Matroni wa gari alikuwa binti mdogo, mpole, aliyeanza kazi kwa kuonyeshwa orodha ya majina na vituo, basi.

Mtoto mwenyewe alikuwa wa chekechea, na kwao ni ng'ambo ya barabara. Kwa kawaida dada wa nyumbani humpokea. Siku hiyo dada alikuwa ametumwa mashineni kusaga mahindi, akakuta watu wengi. Mama, akiwa kazini, akampigia matroni: "Mdogo wangu, mshushe tu, kaka yake yupo hapo nje." Kaka huyo ana miaka minane, na wakati huo alikuwa golini.

Gari likasimama. Mtoto akashuka, begi mgongoni, chupa ya maji ikining'inia shingoni, mkononi karatasi aliyochora darasani. "Haya baba, msalimie mama," alisema matroni. Akapanda, akaipiga bodi kwa kiganja mara mbili. Aliyewahi kupanda daladala anajua maana yake. Dereva akatupa jicho kioo cha kushoto, mlangoni hamna mtu. Kioo cha kulia, bodaboda zimeshapita. Akaachia klachi.

Upepo ulikuwa umeipeperusha ile karatasi hadi mbele ya bampa. Mtoto alikuwa ameinama anaiokota.

Kelele za wauza matunda ndizo zilizomsimamisha dereva. Tairi halikumpanda, ila bampa ilimwangusha vibaya na mfupa wa paja ukavunjika. Muhula ule ulimwishia kitandani.

Shule ikaitisha kikao. Dereva akasema: "Mwalimu, mimi huondoka nikipigiwa bodi, na nilipigiwa." Matroni akasema alimshusha salama, na mama mwenye mtoto ndiye aliyeagiza iwe hivyo. Mama akasema analipa nauli ya kufikishiwa mtoto, si ya kutupiwa barabarani. Mkuu wa shule akaleta karatasi za ukaguzi: breki nzima, leseni hai, rangi ya njano kama inavyotakiwa. Kila mmoja alisema kweli, na kweli zote zile hazikumsaidia mtoto.

Ajali kubwa tunazikumbuka. Tarehe 6 Mei 2017, basi la shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Karatu. Wanafunzi 32, walimu 2 na dereva wakapoteza maisha, na nchi nzima ikalia. Tangu hapo, tukisikia basi la shule tunauliza habari za breki, mwendo na idadi ya watoto kwenye siti. Tuendelee kuuliza. Lakini maswali hayo yanahusu gari lililo safarini. Kuna kipindi kingine, cha dakika moja hivi, ambapo mtoto ameshatoka mikononi mwa gari na bado hajaingia mikononi mwa nyumbani. Kipindi hicho hakina mwenyewe.

Na ndicho kibaya kuliko vyote. Mtoto wa chekechea akisimama karibu na bampa ya Coaster, kichwa chake kinaweza kuwa chini ya kioo cha mbele; dereva aliyekaa juu haoni kitu. Kushoto, upande wa mlango, bodaboda zisizotaka kusubiri hupenya kati ya gari na mtaro. Na anayevuka kwa kupita mbele ya gari lililosimama anachomoza ghafla kwa wanaolipita kulia, wala wao hawakumwona.

Kwa hiyo mtoto afundishwe mambo machache, kwa mazoezi na si kwa maneno tu. Akishuka, apige hatua kubwa tano kuliacha gari. Asipouona uso wa dereva, ajue na dereva hamwoni. Asivuke mpaka gari liondoke na barabara ionekane pande zote, tena akiwa ameshikwa mkono. Kitu kikidondoka karibu na gari, akiache. Hapo wazazi tuna kazi: mtoto anayechapwa kwa kupoteza chupa ya maji ataifuata hata uvunguni mwa gari. Aambiwe wazi, na aamini, kwamba chupa itanunuliwa nyingine.

Upande wa gari, matroni asipige bodi kabla mtoto hajapokelewa na mtu mzima ambaye jina lake limo kwenye daftari. Mpokeaji asipokuwepo, mtoto abaki garini, arudishwe shuleni, mzazi amfuate huko. Na safari ikiisha, dereva atembee hadi siti ya mwisho, akague na chini ya viti. Mwezi Septemba 2022, huko Qatar mtoto wa miaka 4 na huko Japani mtoto wa miaka 3 walisahauliwa ndani ya mabasi ya chekechea na kufa kwa joto. Japani ikaagiza mabasi hayo yafungwe king'ora cha kumkumbusha dereva kukagua viti. Sisi tunaweza kuanza na daftari, kalamu na miguu ya dereva.

Kabla ya kulipia muhula ujao, iulize shule: nani anatoa ruhusa gari liondoke kituoni? Anahakikisha nini kwanza? Mpokeaji asipokuwepo, mtoto anapelekwa wapi? Na siku utakayobanwa na kazi ukapiga simu kusema "mshushe tu", matroni akikukatalia, usimgombeze. Mpe asante, kisha tafuta njia ya kwenda kumchukua mwanao.