Kabla hujasema "Mtoe huyo mtoto"

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, makala hii naiandika nikiwa na deni. Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari, na jioni nafundisha madrasa mtaani kwetu hapa Dar es Salaam. Nimesoma mpaka chuo kikuu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwausia vijana juu ya kuwahurumia wadogo. Pamoja na yote hayo, Ijumaa moja nilimfukuza mtoto msikitini, na nilidhani nimefanya jambo la kheri.

Mtoto mwenyewe alikuwa wa miaka kama tisa hivi. Alikuja na baba yake, wakakaa safu ya tatu, karibu kabisa na spika. Khatibu alipopandisha sauti, mtoto aliziba masikio kwa viganja, akaanza kuyumba mbele na nyuma huku akitoa sauti moja ndefu isiyokatika. Watu wakageuka. Baba alipomkumbatia ndipo mambo yalipozidi, mtoto akapiga mayowe na kujipiga kichwani. Ilipomalizika swala nilimwendea yule baba mbele ya watu, nikamwambia: "Mzee wangu, mtoto asiyefundishwa adabu nyumbani usituletee msikitini. Unatuharibia ibada." Hakunijibu neno. Alichukua viatu vyao, akamshika mwanawe mkono, wakaondoka. Wapo waliokuja kunipa mkono na kuniambia nimefanya vizuri.

Zikapita wiki nyingi. Siku moja nikakutana naye dukani, jirani na kituo cha daladala. Baada ya salamu nikamuuliza mbona haonekani. Akanijibu kwa upole ambao mpaka leo unanichoma: "Ustadh, Ijumaa naswali msikiti wa karibu na kazini, peke yangu. Mwanangu nambakisha nyumbani. Tatizo yeye hajui kwamba tumekatazwa. Kila Ijumaa adhuhuri anavaa kanzu na kofia yake, anakaa mlangoni kusubiri." Kisha akaniambia kwamba mwanawe ana usonji.

Neno hilo nilikuwa nimelisikia redioni, lakini sikuwa nimejishughulisha nalo. Baada ya siku ile nilisoma, nikawauliza wanaojua, na zaidi ya wote nikamuuliza baba mwenyewe.

Nilichojifunza ni hiki. Usonji si wazimu, si ugonjwa wa kuambukiza, wala si matokeo ya malezi mabaya. Ni hali ya ubongo kukua na kufanya kazi kwa namna iliyo tofauti, na mtu huishi nayo tangu utotoni mpaka utu uzima. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, huko Marekani, aliandika habari za watoto 11 wenye hali hii. Baada yake wakatokea wataalamu waliodai kuwa chanzo ni mama asiyempenda mwanawe. Dai hilo limeshatupwa, lakini lilikwisha kuwaumiza akina mama wengi wasio na kosa. Mwaka 1998 jarida moja la kitabibu la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanya watu waamini kuwa chanjo ya surua ndiyo inayoleta usonji. Mwaka 2010 jarida hilo hilo likaufuta utafiti huo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, mtaa wenye watu 1,000 unaweza kuwa na watu 8 wa namna hii. Tujiulize, Ijumaa wanaswali wapi?

Wenye usonji hawafanani. Yupo asiyesema kabisa, na yupo anayesema vizuri, akasoma na akafanya kazi, lakini mazungumzo ya kawaida ya watu yanamchosha. Kwa wengi wao, sauti ya spika ambayo mimi na wewe tunaiona ya kawaida inaweza kuwa maumivu, na mguso wa ghafla vilevile. Kuyumba ni njia ya kujituliza. Kutokukutazama usoni si jeuri. Mazoea ya kila siku ndiyo yanayowapa utulivu, na ndiyo maana mtoto aliyezoea kuwa Ijumaa ni kanzu, kofia na msikiti anakaa mlangoni hata baada ya ustadh kumfukuza. Sauti ile niliyoiita utovu wa adabu ilikuwa ni kilio cha mtu anayeumia.

Jambo jingine la kusikitisha ni haraka yetu ya kusema "ana jini". Sikanushi kuwepo kwa majini, kwani Qur'an imewataja. Wala sikatai mtoto kusomewa Qur'an na kuombewa dua, maana mzazi gani asiyemuombea mwanawe? Ninachokikataa ni kumpiga mtoto, kumfukiza moshi mpaka anakabwa pumzi, kumfungia chumbani, na kumtoza mzazi fedha kwa ahadi kwamba hali hiyo itatolewa. Usonji hautoki kwa fimbo. Anayempiga mtoto huyu anamdhulumu kiumbe asiyeweza hata kueleza alivyodhulumiwa.

Sasa tuitazame dini yetu. Wapo wanaotumia riwaya iliyomo katika Ibn Majah, inayoamrisha watoto na wasio na akili timamu waepushwe na misikiti. Wataalamu wa hadithi wameihukumu riwaya hiyo kuwa dhaifu. Kilichothibiti katika Bukhari na Muslim ni kinyume chake. Mtume (s.a.w.) aliswali akiwa amembeba mjukuu wake Umama, na aliposikia kilio cha mtoto ndani ya swala aliifupisha kwa kumhurumia mama yake. Hakusema mtoto atolewe. Bedui alipokojoa msikitini na maswahaba wakamkemea, Mtume (s.a.w.) aliwazuia mpaka amalize, kisha akaamuru pamwagiwe maji.

Ipo na hadithi ya Anas katika Sahih Muslim, ambayo nilikuwa nikiipita bila kuizingatia. Mwanamke mmoja aliyekuwa na tatizo katika akili yake alimwambia Mtume (s.a.w.) kuwa ana haja naye. Mtume (s.a.w.) alimwachia mwanamke yule achague njia aitakayo, akasimama naye kando mpaka akamaliza shida yake. Huyu ni kiongozi wa umma, mwenye wageni na mambo mengi ya kushughulikia, lakini mahali na muda alivipanga mwenye haja.

Tena tusome mwanzo wa Surat Abasa (80:1-10). Allah (s.w.) alimrekebisha Mtume wake kwa kukunja uso alipojiwa na kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum. Kipofu haoni uso uliokunjwa, lakini aya ziliteremka. Basi vipi sisi, tunaomkunjia uso mtoto ambaye baba yake anatuona?

Ndugu zangu Waislamu, kujuta peke yake hakutoshi. Yapo mambo tunayoweza kuyafanya, na mengi hayahitaji fedha.

Kwanza, maimamu na kamati za misikiti wapunguze sauti ya spika za ndani, na waitenge sehemu ya nyuma, karibu na mlango, kwa wazazi wenye watoto wa namna hii, ili wakizidiwa watoke nje kidogo na kurudi bila kupita mbele ya watu.

Pili, mtoto akizidiwa tusimzunguke wala tusimshike. Tumpe nafasi, tunyamaze, na tumuulize mzazi kwa sauti ya chini: "Nikusaidie nini?"

Tatu, walimu wenzangu wa madrasa tuweke fimbo chini. Mtoto huyu afundishwe kwa maneno mafupi, kwa picha na kwa vitendo, jambo moja kwa wakati mmoja, na aambiwe mapema kama kuna mabadiliko. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inaitambua haki yao ya kusoma. Itakuwa aibu madrasa zetu ziwe nyuma ya sheria ya nchi.

Nne, jirani, ndugu na shangazi, badala ya kumshauri mama kila siku aende kwa nani, mshikie mtoto saa moja apate kupumzika au kuswali kwa utulivu.

Tano, mzazi mwenye wasiwasi ampeleke mtoto hospitali mapema. Na kuhusu yapi ni wajibu kwa mwenye usonji katika ibada, aulizwe mwanachuoni kwa kila mtu na hali yake, kwani wapo wenye akili kamili ambao swala ni wajibu kwao kama ilivyo kwangu, na wapo wasiofahamu ambao Allah (s.w.) amewasamehe.

Mimi na imamu wetu tulikwenda nyumbani kwa yule baba. Niliomba radhi mbele ya mkewe, na Ijumaa iliyofuata nikaomba radhi mbele ya jamaa, kwa sababu kosa nililifanya mbele yao. Sasa mtoto anakuja. Anakaa karibu na mlango, mbali na spika. Ijumaa nyingine anakaa mpaka mwisho, nyingine anatoka na baba yake kabla ya khutba kwisha, na hakuna anayegeuka.

Yule mzee alinisamehe. Lakini zile Ijumaa ambazo mwanawe alikaa mlangoni na kofia yake sina namna ya kuzirudisha. Namuomba Allah (s.w.) anisamehe, na atulainishie nyoyo kwa waja wake wote.

Wabillahi tawfiq.